Ukienda Amboni, Chukua Tochi na Adabu

Mtu wa pwani amezaliwa juu ya chokaa. Kisima anachoteka maji kimechimbwa ndani yake. Nyumba za Mji wa Kale zimesimama kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa ya tanuu, na mihrabu za misikiti yetu mikongwe zimechongwa katika jiwe hilo hilo. Hata hivyo, ni wachache kati yetu waliowahi kuingia ndani ya jiwe hilo na kuona linafanya nini likiachwa peke yake na maji. Wengi wetu twapita njiani tukielekea harusini au mazikoni Tanga, na mapango ya Amboni yakabaki kando ya safari yetu kama jirani tunayemjua kwa jina tu.

Makala haya ni ya yule aliyekwisha kutia nia ya kugeuka njiani na kumtembelea jirani huyo. Mapango ya Amboni yako Tanzania, karibu na kijiji cha Kiomoni, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, pembeni mwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Kwa mtu wa Likoni, Ukunda au Vanga, hayo si mambo ya mbali. Ni ziara ambayo mtu na jamaa zake waweza kuifanya, wakalala Tanga usiku mmoja na kurudi. Lakini ziara ya pangoni si kama ziara ya ufukweni. Pango lataka vitu viwili kwa mgeni wake: tochi na adabu. Tochi humwonesha mtu kilichomo; adabu humzuia asikiharibu.

Jiwe na maji

Tuanze na jiwe lenyewe. Watu husema kwamba mapango ya Amboni yana umri wa miaka milioni 150. Usemi huo wataka kufafanuliwa. Lenye umri mkubwa namna hiyo ni jiwe. Chokaa ya Amboni ilitandikwa chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, katika zama ambazo wataalamu huziita Jurasiki, nazo zimepita zaidi ya miaka milioni 150. Mapango yalikuja baadaye sana, jiwe lilipokwisha kuinuka likawa nchi kavu. Chokaa hiyo imeenea katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 234, na mito ya Mkulumuzi na Zigi yapita humo.

Aliyelichonga pango ni mvua. Tone la mvua likishuka hewani, na likipenya udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, huchukua hewa ya kaboni na kuwa na ukali kidogo, kama maji yaliyotiwa ndimu chache. Ukali huo haumdhuru anayeyanywa, lakini jiwe la chokaa huliyeyusha polepole. Maji huingia katika ufa mwembamba, ufa ukawa njia, njia ikawa chumba. Ndani ya Amboni viko vyumba ambavyo dari zake zimepanda kufikia mita 13, na vyote hivyo vilianza kwa ufa.

Kisha maji yale yale yaliyobomoa huanza kujenga. Tone linapofika darini na kukutana na hewa ya ukumbini, ile hewa ya kaboni humtoka, na chembe ya chokaa aliyokuwa ameibeba hubaki pale pale. Tone la pili huongeza chembe yake, na la tatu hivyo hivyo. Jiwe linaloning'inia darini huitwa stalaktiti, na linaloota sakafuni chini yake huitwa stalagmiti. Mara nyingine mawili hayo hukutana yakawa nguzo moja. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe hakijajaa. Kwa kawaida mawe haya hukua sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka. Kijiwe cha urefu wa kidole cha mtoto chaweza kuwa kilianza kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa, na bado kinatona.

Maarifa hayo ndiyo tochi ya kwanza. Mtu akiyajua kabla ya kuingia hatasumbuka kuuliza ni nani aliyechonga, wala hatavunja kipande akampelekee mtoto nyumbani kuwa kumbukumbu.

Hekaya ya mbwa

Kila pango lina hekaya, na ya Amboni imevuka mipaka. Husimuliwa kwamba Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliingia pangoni na mbwa wao wakapotea wasionekane tena. Baada ya miezi kupita, mbwa peke yake alionekana ametokea upande wa Mlima Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo ikaaminiwa kwamba njia za Amboni zafika Kilimanjaro, na wengine wakaongeza kwamba ziko zinazofika Mombasa.

Hekaya hiyo ni tamu, wala si dhambi kuisimulia njiani gari likienda. Lakini mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo. Walikuta mapango kumi yaliyotengana, na lililo refu kuliko yote lilikuwa na mita 900. Mita 900 hazimfikishi mbwa Kilimanjaro. Kati ya hayo kumi, moja ndilo linalotumika kutembezea wageni.

Sisi tuliosomeshwa chuoni twaijua habari nyingine ya pango na mbwa, nayo twaisoma kila Ijumaa katika Sura ya Kahf: vijana waliokimbilia pangoni na imani yao, mbwa wao akiwa kizingitini. Humo humo mtatajiwa jinsi watu walivyobishana juu ya idadi ya vijana hao, walikuwa watatu, watano au saba, na kwamba ubishi wa kukisia gizani hauna faida. Funzo hilo ladumu. Aliyepima asikizwe kwa alichopima, na hekaya iachwe iwe hekaya, kwani kila moja ina mahali pake.

Watembezaji watakusimulia pia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, wanaosemwa kwamba walijificha humo katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Wako wanaomwita Otango mpigania uhuru, na wako wanaomwita jambazi. Sikiliza pande zote mbili. Watu wa Tanga wana haki ya kubishana juu ya watu wao.

Safari yenyewe

Sasa tuje kwenye matayarisho, maana safari ni hatua, na hatua ni kupanga.

Kwanza, majira. Usiende wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Wakati huo mito hujaa, njia ya udongo huteleza, na ndani ya pango maji hutona kila mahali. Mwezi wa Januari na Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha nchi, ni wakati mzuri. Na kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, kuna ubaridi unaopendeza kwa wenye watoto na wazee. Mwezi wa Ramadhani si haramu kwenda, lakini kupanda na kushuka mawe na saumu kinywani ni kujitafutia taabu pasipo haja.

Pili, hati. Kwenda Tanzania kitambulisho hakitoshi. Chukua pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria iliyotolewa na Idara ya Uhamiaji. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana chaweza kuulizwa mpakani, na anayekikosa hupoteza saa nyingi. Mwenye gari lake mwenyewe awe na karatasi za gari na bima inayokubaliwa upande wa pili. Badilisha fedha kiasi upate shilingi za Tanzania kabla ya kufika langoni kwenye mapango, kwani pale hakuna benki.

Tatu, njia. Ukivuka Likoni baada ya swala ya Alfajiri, utapita Ukunda, Msambweni na Ramisi mpaka Lunga Lunga. Ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, na kutoka hapo hadi Tanga ni barabara ya lami ya kilomita zipatazo 65. Kwa anayetoka Mombasa, Amboni hutangulia kabla ya mji, kwa hivyo mwambie dereva mapema asije akakupeleka stendi ya Tanga ukalazimika kurudi nyuma. Anayesafiri kwa basi yafaa zaidi afike mjini, apumzike, kisha asubuhi yake akodi gari au bajaji ya kumpeleka na kumngoja. Kilomita 8 si nyingi, lakini jua la Tanga halina huruma kwa mwenda kwa miguu.

Nne, swala. Msafiri ana ruhusa yake katika kupunguza na kuchanganya, na kila mtu amuulize mwalimu wake. Ila panga mapema. Ukiingia pangoni asubuhi utatoka na nafasi ya kutosha kabla ya Adhuhuri. Siku ya Ijumaa, zuru mapema na uwahi mjini, ambako misikiti haikosekani.

Tano, mavazi. Malapa yaache nyumbani. Vaa viatu vyenye soli ya mpira isiyoteleza. Ziko sehemu ambazo mtu hupita ameinama, na sehemu za kupanda kwa mikono na magoti. Mama zetu na dada zetu wasizuiwe na buibui. Lililo refu likusanywe kiunoni, na suruali ipana ivaliwe ndani, basi watapita kama wengine. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu, na mwenye hofu ya mahali pa finyu wasilazimishwe. Kukaa kivulini nje na kuwangoja wenzao si aibu.

Sita, tochi. Kila mtu awe na yake, na betri za akiba. Taa ya simu ni msaada tu, maana mkono mmoja utauhitaji kushikilia. Na mwenge wa makuti usifikiriwe kabisa, kwani moshi wake huganda darini ukawa mweusi, na hakuna mvua itakayoingia kuuosha.

Neno moja la usalama. Mwezi wa Februari 2015 jina la Amboni lilisikika kwa habari za huzuni, askari wa Tanzania walipopambana na watu wenye silaha katika eneo hilo la mapango. Wageni wamerejea kutembea tangu hapo. Hata hivyo, mgeni ni kuku mweupe. Fikia kwanza kwa wenyeji, uliza hali, na usijifanye mjuzi wa vichaka usivyovijua.

Mle ndani

Langoni hulipwa kiingilio, na mgeni hupewa mtembezaji. Usiingie bila yeye. Tangu mwaka 1963 mapango haya yamekuwa mali ya kale inayotunzwa na serikali, na mtembezaji ni mlinzi pia. Yeye ndiye ajuaye mahali pa kuinama na mahali pa kugeukia.

Atakuonesha mawe yaliyopewa majina kwa sura zake: hili mamba, ile meli, lile kochi. Watoto hupenda mchezo huo, na wataanza kugundua majina yao wenyewe. Waache. Kisha mwombe mtembezaji jambo moja ambalo wengi hawaliombi: awaambie nyote mzime tochi na mnyamaze kwa dakika moja. Giza la pangoni si giza la usiku. Usiku una nyota, au taa ya jirani, au weupe wa bahari. Mle ndani mkono ulio mbele ya jicho hauonekani, na kinachosikika ni tone likianguka. Hapo ndipo mtu huelewa kazi inavyofanyika bila kuonekana.

Utawasikia popo pia, na harufu yao itakutangulia. Usiwarushie mawe wala kuwamulika kwa muda mrefu. Wako popo wanaokula wadudu, na wako wanaokula matunda na kufyonza maua. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo wa matunda ni miongoni mwa wanaolibebea chavua kutoka mti hadi mti. Mtu wa pwani anayekula ubuyu ana deni kwao. Ukitoka, nawa mikono kabla ya kugusa chakula, na mahali penye vumbi la kinyesi chao funika pua kwa leso.

Mzimu na mgeni

Kuna jambo ambalo waandishi wengi wa safari hulipita haraka, nalo ndilo litakalomshughulisha msomaji wa Kiislamu. Amboni ni mahali pa mzimu. Tangu enzi za kale Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa wamekuwa wakienda huko kuomba, na mzimu uitwao Mabavu wajulikana mpaka leo. Wako wanaokwenda kutaka mtoto, na wako wanaokwenda kutaka afya. Utaona pembeni vitambaa, chupa, sarafu na mabaki ya chakula.

Itikadi yetu katika hili yafahamika, na masheikh wamelisema mimbarini mara nyingi: haja haiombwi kwa jiwe. Asiwe mtu amekwenda kutalii, akakuta sahani, akatia sarafu yake kwa mzaha au kwa kusema labda. Hiyo labda ndiyo mlango. Lakini kukataa kushiriki hakumpi mtu ruhusa ya kudharau. Kile kitambaa kimewekwa na mama mwenye huzuni, pengine ametoka mbali, pengine ni jirani yetu ambaye hatukumpa neno la kumtuliza alipolihitaji. Usikipige teke, usikipige picha, wala usimcheke aliyekiweka mbele ya watoto wako. Watoto wakiuliza, waeleze kwa upole tunavyoamini na kwa nini. Pango litakuwa limewapa somo ambalo darasani halipatikani.

Mtoto wa Panga ya Saidi

Adabu ya pangoni ina sababu nyingine, na ushahidi wake uko kwetu Kenya, katika Kaunti ya Kilifi. Huko kuna pango la chokaa liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta humo kaburi la mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yaliyojulikana katika Afrika hadi walipolitangaza. Walimpa jina la Kiswahili, Mtoto.

Alilazwa katika kishimo kilichochimbwa kwa ajili yake, ubavu wake wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ilionesha dalili kwamba mwili ulifungwa au kufunikwa, na kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kimeoza zamani. Hatumjui mama yake wala lugha aliyomlilia. Lakini kila aliyewahi kumteremsha mtoto mchanga kaburini katika mji wetu ataitambua mikono iliyofanya kazi hiyo.

Sasa fikiri, msomaji. Mifupa hiyo ilikuwa imelegea kama unga, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya pango. Lau mtu mmoja angekuja kabla yao akachimba udongo wa kutia shambani, au akatafuta hazina, habari hiyo tusingeipata milele. Sakafu ya pango ni daftari, na kila tabaka ni ukurasa. Hatujui Amboni kumeandikwa nini, na kwa hivyo haifai kukanyaga nje ya njia, wala kuchota, wala kuokota.

Na ukuta wake ni daftari pia, ila si letu la kuandikia. Katika mapango mengi duniani wageni huandika majina yao kwa makaa au kwa kisu, Fulani alifika hapa. Hakuna anayesoma jina hilo kwa heshima. Hata kupapasa jiwe kwa kiganja kunalidhuru, kwani mafuta ya ngozi hubaki juu yake, na maji hayashiki tena vizuri mahali penye mafuta. Jiwe lililokuwa likikua husimama. Mguso wa nukta moja waweza kuikatiza kazi ya maelfu ya miaka.

Nimeyafunga maneno haya katika beti moja, apate kuibeba asiyependa kubeba gazeti:

Pangoni ukiingia, tazama pasi kushika,
Mawe yakikuvutia, yaache kukamilika,
Tone lililoanzia, kutona halijachoka,
Wana wakikurithia, walikute bila taka.

Basi atakayekwenda na aende salama. Asome dua ya safari, ahesabu watoto wake kabla ya kuingia na baada ya kutoka, amshukuru mtembezaji wake kwa chochote alichojaaliwa, na akirudi awasimulie jirani alichokiona. Jamaa wa Tanga watafurahi kutuona tukigeuka njiani, na chokaa iliyotujengea nyumba na misikiti itakuwa imepata wageni wanaoijua.